Mpaka Wapi au Mpaka Lini? Uhakiki wa Lugha ya Mpaka kati ya Fizikia ya Kwanta na Fizikia ya Kawaida

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna mpaka kati ya fizikia ya kwanta na fizikia ya kawaida unavyoelezwa katika maandishi matatu yaliyouathiri sana mjadala huo, yaani makala ya Erwin Schrödinger ya mwaka 1935, ya John Bell ya mwaka 1990 na ya Wojciech Zurek ya mwaka 1991. Hoja ya msingi ni kwamba sitiari ya mpaka wa nchi imewafanya wasomaji watafute mahali au ukubwa fulani, ilhali majaribio ya robo karne iliyopita yanaelekeza kwenye muda. Aidha, inaonyeshwa kuwa uundaji wa istilahi za Kiswahili katika uwanja huu hauwezi kuwa kazi ya kutafsiri peke yake, kwa kuwa ngeli na vitenzi vyetu vinatulazimisha kufanya uamuzi ambao lugha nyingine zimeuahirisha kwa muda mrefu.

Utangulizi

Mwezi Juni 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta. Rasimu ya azimio hilo iliwasilishwa na Ghana. Katika ukanda wetu, Rwanda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia kuwa Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Tangu mwaka 2018 jiji la Kigali lina taasisi ya utafiti wa fizikia ya msingi kwa ajili ya Afrika Mashariki, inayoshirikiana na Kituo cha Abdus Salam cha Trieste, Italia. Mikondo hii miwili, wa lugha na wa fizikia, inapita katika mji mmoja bila kukutana. Anayetaka kueleza kwa Kiswahili fasaha kile kinachotafitiwa Kigali anaishiwa na maneno mapema sana. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, ambayo imewafaa walimu wengi, ilitoka mwaka 1990, yaani mwaka mmoja kabla ya makala ya Zurek tutakayoyajadili hapa.

Si kwamba maneno hayawezi kupatikana. Tatizo ni kwamba yanayojitokeza kwanza ni tafsiri za maneno ambayo wanafizikia wenyewe wameyatilia shaka. Tukiyachukua jinsi yalivyo tutarithi ugomvi wa watu wengine bila kujua kuwa ni ugomvi, na mwanafunzi wa Mbarara au wa Huye ataukariri kama ukweli uliothibitishwa.

Mpaka uliochorwa

Chanzo cha mpaka huu ni Niels Bohr. Katika mhadhara wake wa Como, Italia, mwaka 1927, na katika maandishi yaliyofuata, Bohr alishikilia kwamba kitu kidogo kama elektroni hutawaliwa na kanuni za kwanta, lakini chombo kinachotumiwa kukichunguza lazima kielezwe kwa lugha ya fizikia ya kawaida, ile ya Newton na Maxwell. Sababu yake ilikuwa ya kimawasiliano. Mtafiti hana budi kuwaambia wenzake alichofanya na alichopata, na lugha pekee ya kuwaambia ni ile inayosema mshale wa saa umesimama hapa au bamba la picha limepata doa pale. Kwa hiyo palihitajika mstari, na upande mmoja wake ungekuwa kitu na upande wa pili ungekuwa chombo. Werner Heisenberg aliongeza kwamba mstari huo unaweza kusogezwa. Ukitaka, hesabu chombo pia kuwa sehemu ya kitu, kisha uchore mstari nyuma yake.

Hapo ndipo uhakiki unapoanzia. Mpaka unaosogezwa kwa hiari ya mchoraji haufanani na mpaka wowote tunaoujua katika ukanda huu, ambako kusogeza jiwe moja la mpaka kunaweza kuzifanya nchi mbili zikutane mahakamani. Mpaka wa Bohr na Heisenberg ulikuwa utaratibu wa kufanya hesabu. Wasomaji waliofuata waliugeuza kuwa mstari uliomo ndani ya ulimwengu wenyewe.

Schrödinger alililiona jambo hilo mapema. Makala yake ya mwaka 1935, yaliyochapishwa kwa Kijerumani, ndiyo yenye mfano maarufu wa paka aliyefungiwa ndani ya sanduku pamoja na chembe ya mnururisho, kifaa cha kuigundua na chupa ya sumu. Ikiwa chembe iko katika hali mbili kwa pamoja, na ikiwa kanuni za kwanta zinapanda hatua kwa hatua bila mpaka, basi paka naye atalazimika kuelezwa hivyo hivyo. Lengo la Schrödinger lilikuwa kuonyesha kuwa jibu hilo halikubaliki. Alikuwa anakejeli. Ajabu ni kwamba paka huyo sasa anasimuliwa katika vitabu vya umma kana kwamba Schrödinger alikuwa anatoa taarifa ya jinsi ulimwengu ulivyo. Kejeli iliyosomwa kama taarifa ni kosa ambalo mhakiki wa fasihi angelitambua katika ukurasa wa kwanza, na ni jambo la kusikitisha kwamba wahakiki wa fasihi hawajaalikwa mara nyingi kuyasoma maandishi haya.

Zurek naye, katika makala yake ya mwaka 1991 katika jarida la Physics Today, aliweka mchoro wa mzaha wenye nchi mbili zilizopakana, nchi ya kwanta na nchi ya kawaida, na mstari kati yake. Mchoro huo ulipendwa kuliko hoja aliyokusudia uitumikie. Hoja yenyewe, kama tutakavyoona, inaelekea kuufuta mstari uliochorwa.

Ukubwa si kigezo

Maelezo yaliyozoeleka husema kwamba vitu vidogo hufuata kanuni za kwanta na vitu vikubwa hufuata kanuni za kawaida. Sentensi hiyo ni rahisi kukariri na ni rahisi kuitungia swali la mtihani. Hata hivyo, imekwisha kukanushwa na maabara.

Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna, wakiongozwa na Anton Zeilinger na Markus Arndt, walipitisha molekuli zenye atomi 60 za kaboni katika wavu wenye nafasi nyembamba mno, na upande wa pili wakapata mistari ya mwingiliano ambayo hutokana na mawimbi peke yake. Molekuli hizo zilitoka katika tanuri lenye joto la Kelvin mia kadhaa. Hazikuwa vitu vilivyotunzwa kwa upole. Mwaka 2019 kundi la Vienna lilitoa matokeo ya molekuli zenye hadi atomi 2,000 hivi, uzani wake ukizidi mara 25,000 ule wa atomi moja ya haidrojeni. Mistari ilionekana tena. Yeyote aliyekuwa ameweka mpaka kwenye atomi 60 alilazimika kuuhamisha, na hakuna dalili kwamba pale ulipofika sasa ndipo penyewe.

Ushahidi mwingine una uzito zaidi kwa sababu unahusu kitu kinachoweza kushikwa mkononi. Katikati ya miaka ya 1980, John Clarke, Michel Devoret na John Martinis walifanya kazi huko Berkeley, Marekani, na saketi ya metali iliyopozwa hadi umeme upite bila ukinzani. Ndani ya saketi hiyo idadi kubwa mno ya elektroni zilizojifunga katika jozi hutembea kama kitu kimoja. Watafiti hao walionyesha kuwa mkondo mzima ulipenya kizuizi ambacho kwa fizikia ya kawaida usingeweza kukipanda, na kwamba nishati yake ilipanda kwa ngazi, si kwa mteremko. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2025, miaka 40 baadaye. Kwa upande mwingine, molekuli moja ndogo iliyomo katika hewa ya chumba hiki inagongwa na jirani zake mara nyingi mno kwa sekunde, na haionyeshi mwingiliano wowote wa namna hiyo. Basi kikubwa kinaweza kuwa cha kwanta na kidogo kinaweza kuwa cha kawaida. Kigezo cha ukubwa kimeshindwa pande zote mbili.

Mpaka lini

Kiswahili kina bahati katika neno hili. Mpaka ni mstari wa ardhi, na vilevile ni kiungo cha muda, kama tunaposema mpaka kesho. Msemaji wa kawaida haoni mgongano wowote. Mtu anayejiuliza elektroni itabaki katika hali ya kwanta mpaka wapi anaweza, kwa neno lile lile, kuuliza mpaka lini. Swali la pili ndilo ambalo maabara imeweza kulijibu.

Hoja ya Zurek, ambayo H. Dieter Zeh wa Heidelberg alikuwa ameianza mwaka 1970, ni hii. Kitu kikiwa katika hali mbili zilizopandana, kuna uhusiano wa ndani kati ya hali hizo unaoziwezesha kuingiliana kama mawimbi mawili katika maji yale yale. Uhusiano huo nitauita muwala, kwa neno ambalo wanaisimu wetu wamelizoea katika uchambuzi wa matini, kwa sababu kazi yake inakaribiana na ile. Ndio unaoyafanya mambo mengi yasomeke kama jambo moja. Kitu kinapogongwa na molekuli ya hewa, au kinapotupa fotoni ya joto, kile kilichogonga au kilichotupwa huondoka kikiwa na alama ya mahali kitu kilipokuwa. Muwala hauharibiwi. Umesambaa tu kwenda kwenye vitu ambavyo hakuna mtu atakayevikusanya tena. Tukibaki tunaangalia kitu chenyewe peke yake, hali zake mbili hazitaingiliana tena, na kitaonekana kama kitu cha kawaida.

Kinachoamua ni mbio za muda: muda unaohitajika ili jaribio likamilike, dhidi ya muda unaohitajika ili mazingira yapate alama ya kutosha. Zurek alikadiria kwamba kitu chenye gramu moja, katika joto la chumba, kikiwa katika hali mbili zilizotengana kwa sentimita moja, hupoteza muwala kwa kasi inayozidi ile ya kupoteza nishati kwa msuguano mara 10 kwa kipeo cha 40. Hata kama msuguano huo ungehitaji umri mzima wa ulimwengu ili kukisimamisha kitu hicho, muwala wake ungekwisha kutoweka katika sehemu ya sekunde isiyopimika kwa saa yoyote. Ndiyo maana hatujawahi kuiona meza ikiingiliana na meza.

Kwamba maelezo haya si ya kwenye karatasi tu kulithibitishwa kwa njia mbili ambazo zinastahili kusomwa kwa utulivu. Serge Haroche na wenzake wa Paris, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1996, waliweka fotoni chache ndani ya kisanduku cha vioo vya metali na kuziingiza katika hali mbili zilizopandana kwa kupitisha atomi moja. Kisha walisubiri, wakapitisha atomi ya pili ili isome kilichobaki. Waliporefusha muda wa kusubiri, muwala ulipungua; walipozitenganisha hali mbili zaidi, ulipungua haraka zaidi. Mpaka ulikuwa unapitiwa mbele ya macho yao, kidogo kidogo, na saa ikihesabu. Haroche aligawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 2012 na David Wineland.

Njia ya pili ni ya Vienna tena, na kwa maoni yangu ndiyo inayofaa zaidi kufundishiwa. Mwaka 2003 na 2004 kundi hilo lilichukua molekuli zenye atomi 70 za kaboni na kuzirudisha katika fizikia ya kawaida kwa makusudi. Mara moja waliingiza gesi kidogo kidogo katika ombwe. Mara nyingine walizipasha molekuli joto kwa leza mpaka zikaanza kung'aa na kutupa fotoni. Katika majaribio yote mawili mistari ya mwingiliano ilififia taratibu na mwishowe ikapotea, kwa kadiri nadharia ilivyotabiri. Molekuli ilikuwa ile ile, ukubwa ule ule. Kilichobadilika kilikuwa ni nani na nini kilichokuwa kikiizunguka, na kwa muda gani. Mwalimu aliye na mfano huu hahitaji paka.

Pale Bell anapobana

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kutangaza kuwa suala limekwisha. Vitabu kadhaa vya umma vimefanya hivyo. Bell, aliyezaliwa Belfast mwaka 1928 na kufanya kazi CERN kwa miaka mingi, asingekubali.

Makala yake ya mwaka 1990 katika jarida la Physics World, mwaka wa kifo chake, yanashambulia neno kipimo. Anataja maneno kadhaa ambayo, kwa maoni yake, hayastahili nafasi katika nadharia inayodai kuwa sahihi, ingawa yanafaa katika matumizi. Miongoni mwake ni mfumo, chombo, habari na kipimo, pamoja na mazingira. Zingatia hilo la mwisho. Mwaka mmoja kabla Zurek hajayaweka mazingira katikati ya maelezo yake mbele ya hadhira kubwa ya wanafizikia, Bell alikuwa amekwisha kuliweka neno hilo katika orodha ya washtakiwa. Hoja yake ni kwamba kuugawa ulimwengu kuwa mfumo na mazingira ni kuchora tena mstari wa Heisenberg kwa kalamu nyingine. Nani ameamua kuwa molekuli ni mfumo na hewa ni mazingira?

Naona Bell ana haki nusu. Kwa mtafiti wa Vienna mgawanyo huo hauna utata: molekuli ndiyo atakayoipokea mwishoni, na hewa imekwisha kwenda. Matokeo hayabadiliki sana akiusogeza mstari kidogo, na huo ni ubora ambao mstari wa Bohr haukuwa nao. Lakini katika jambo la pili Bell hajajibiwa. Upotevu wa muwala unaeleza kwa nini hatuoni mwingiliano. Hauelezi kwa nini tunaona tokeo moja. Baada ya hewa kufanya kazi yake, hesabu inatuachia orodha ya matokeo, kila moja na uwezekano wake, kana kwamba moja tayari limetokea nasi hatujui ni lipi. Hesabu yenyewe haisemi kuwa limetokea. Kuvuka kutoka orodha hiyo hadi doa moja kwenye bamba ni hatua nyingine, na Zurek akisomwa kwa makini hadai kuimaliza kwa makala yale.

Kambi zinazoijibu hatua hiyo zinatofautiana kuhusu mpaka wenyewe. Wafuasi wa Hugh Everett, tangu mwaka 1957, wanasema hakuna mpaka kabisa. Matokeo yote yapo, kila moja katika tawi lake. GianCarlo Ghirardi, Alberto Rimini na Tullio Weber walipendekeza mwaka 1986 kwamba mlinganyo wa Schrödinger wenyewe si kamili, na kwamba hali zilizopandana hukatika zenyewe kwa nasibu, mara chache mno kwa chembe moja na upesi mno kwa kundi kubwa la chembe. Roger Penrose na Lajos Diósi, kila mmoja kwa njia yake, wanaihusisha mvutano. Kwa kambi hizi mbili za mwisho neno mpaka si sitiari. Lipo katika ulimwengu, lina kipimo chake, na linaweza kukanushwa. Jaribio lililofanywa chini ya mlima wa Gran Sasso, Italia, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020, lilitafuta mnururisho hafifu unaotarajiwa na toleo rahisi la wazo la Diósi na Penrose, na halikuuona. Toleo hilo likaondolewa. Kwa mhakiki hilo ni jambo la heshima kwa nadharia: imesema kitu cha kutosha hata ikaweza kukosea.

Ngeli na uamuzi

Turudi kwenye maneno yetu. Katika maelezo ya kwanta kuna mhusika ambaye kwa Kiingereza hatajwi kama mtu wala kitu. Lugha ile inamruhusu awe chochote. Tafsiri inayokuja haraka kwa Kiswahili ni mtazamaji. Kiambishi m- kimekwisha kuamua. Mtazamaji ni mtu, ana wingi wa wa-, ana macho na, msomaji ataongeza mwenyewe, ana akili. Ndiyo sababu mtu anaweza kusoma aya mbili za Kiswahili na kuondoka akiamini kuwa fizikia imethibitisha kwamba fikra za binadamu huumba ulimwengu, na wapo wahubiri wa mafanikio wanaoiuza imani hiyo kwa jina la kwanta. Jaribio la gesi la Vienna linaikanusha bila maneno mengi: molekuli ya hewa haikutazama chochote.

Lugha yetu ina njia nyingine iliyo tayari. Tunasema kipimajoto, kipimamvua, kinasa sauti. Ngeli ya ki-vi inampa mhusika kazi bila kumpa nafsi. Napendekeza kinasa kwa mhusika huyo, kwa kuwa kunasa ni kukamata alama na kubaki nayo, na hivyo ndivyo fotoni iliyotupwa na molekuli inavyofanya. Mtu akiwapo maabara, yeye ni kinasa kimojawapo, tena cha mwisho katika mstari mrefu.

Kitenzi kupima nacho kina lake. Anayepima mahindi sokoni anachukulia kuwa kilo zilikuwapo kabla ya mizani. Bell alilalamika kwamba neno hilo linaashiria sifa iliyokuwapo tangu awali, ambayo chombo kinaifichua tu, na akapendelea neno jaribio. Kwa kiasi fulani Kiswahili kina utetezi, kwa sababu hospitalini kupima damu ni kuitoa kwanza. Hakuna anayedhani damu ilipimwa ikiwa mshipani bila kuguswa. Hata hivyo maana ya sokoni ndiyo yenye nguvu, na neno jaribio ni salama zaidi. Mazingira, kwa upande wake, limetekwa na mijadala ya misitu na taka, lakini asili yake ni kuzingira, na maana hiyo ya kukizunguka kitu pande zote ndiyo hasa inayotakiwa hapa. Lisibadilishwe.

Neno ambalo ningelikataa bila kusita ni hali mseto kwa hali zilizopandana. Mseto ni mchele na choroko. Kila punje ni mchele au ni choroko, na mlaji mwenye subira anaweza kuzitenga. Hali hiyo ipo katika fizikia, nayo ndiyo ile inayobaki baada ya muwala kupotea. Hali ya kabla ya hapo ni tofauti kabisa, kwa kuwa ndani yake uwezekano mmoja unaweza kuufuta mwingine, jambo ambalo mchele haujawahi kuifanyia choroko. Anayeziita zote mbili mseto amelipoteza tukio zima linalojadiliwa, na hakuna maelezo ya baadaye yatakayomrudishia. Kusema paka ni nusu hai, nusu mfu ni kosa hilo hilo kwa mavazi mengine. Neno mpandano, kutoka kupandana, halina uzuri mwingi, lakini angalau haliahidi punje.

Kwa waandaaji wa sera

Wizara na mabaraza ya sayansi ya ukanda huu yanaanza kupokea mapendekezo ya kompyuta za kwanta, usimbaji wa kwanta na vihisio vya kwanta. Mapendekezo hayo huja na idadi ya kyubiti, kwa sababu idadi ni rahisi kulinganisha. Idadi peke yake haielezi kitu. Kyubiti za saketi zilizopozwa, ambazo ni wajukuu wa kazi ya Berkeley, hufanya kazi kwenye halijoto ya takriban Kelvin 0.01 hadi 0.02, na mashine ya kuzipoza hula umeme mchana na usiku. Mwaka 1999, kyubiti ya kwanza ya aina hiyo ilipoonyeshwa Japani, muwala wake ulidumu nanosekunde chache. Leo hudumu mamia ya maikrosekunde, na katika maabara bora hupita milisekunde moja. Historia ya teknolojia hiyo kwa sehemu kubwa ni historia ya kuurefusha muda huo na ya kusahihisha makosa kabla haujaisha. Basi mshauri anayepewa pendekezo aulize muwala unadumu mpaka lini, ni hatua ngapi za hesabu zinatoshea ndani ya muda huo, na mashine itapozwa kwa umeme gani siku gridi inapokatika. Swali la mwisho linaweza kuonekana la kienyeji. Kwa mashine ambayo hupoteza kila kitu inapopata joto, ni swali la fizikia.

Kuhusu mitaala, pendekezo ni dogo. Sentensi ya vidogo na vikubwa iondolewe popote inapojitokeza katika miongozo ya walimu, na mahali pake lichukuliwe na jaribio la molekuli na gesi. Jaribio hilo linaeleweka kwa mwanafunzi anayejua mawimbi ya maji na migongano ya chembe, na halimwombi aamini chochote kuhusu paka au akili. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja na wanafizikia walioko Kigali na katika vyuo vya jirani, wana nafasi ya kukaa juu ya istilahi chache tu, pengine kumi na tano, kabla vitabu havijachapwa na makosa hayajawa mazoea.

Limebaki neno moja ambalo makala haya hayakulipendekezea kitu. Wanaoandika juu ya kwanta husema wimbi linaporomoka pale tokeo moja linapopatikana, na kitenzi hicho kinaleta picha ya nyumba na vumbi lake. Kwa wafuasi wa Everett hakuna kinachoporomoka. Kwa Ghirardi na wenzake kuna tukio la kweli lenye saa na mahali pake. Kwa Bohr ni mstari katika daftari la hesabu. Istilahi moja haiwezi kuwahudumia wote watatu kwa uaminifu, na kamusi itakayoliingiza neno kuporomoka itapaswa kuandika ndani ya fasili yenyewe ni kambi ipi inayozungumza.